Kijiji Alichozaliwa Mama

Okito, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Mikelenge, huchukia mashine inapomtaka athibitishe kuwa yeye ni yeye. Asubuhi hii barua pepe yake iligoma kufunguka: "Mama yako alizaliwa kijiji gani?" Akaandika ukweli, maana mashine haina bunduki. Ikakataa. "Hii mashine iko na kichwa ngumu," akafoka, akaandika tena. Ikakataa.

Ndipo alipokumbuka barieri, kizuizi cha barabarani cha wakati wa vita, na askari aliyeuliza swali hilohilo. Kaka yake Jules alijibu ukweli, akapelekwa porini, hakurudi. Okito, aliyekuwa nyuma yake, alitaja kijiji cha watu wa kabila lingine, akapita. Tangu hapo, yeyote akimuuliza, hutaja hicho.

Akakiandika polepole. Mashine ikajibu: "Karibu tena, Okito."