Ngedere wa Mahindini, Kaa wa Jarubani

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa ng'ambo ya reli, ukitoka Kimamba. Mahindi ya kijiji yalipanda kilima. Chini yake yalikuwa majaruba ya mpunga. Mama alifanya kazi majarubani. Jirani yetu, mtani wake, alilinda mahindi yasiliwe na ngedere.

Kila asubuhi walianza.

"We kaa!" mtani aliita kutoka juu. "Toka matopeni uote jua! Tangu uzaliwe hujatembea ukanyooka."

"Heri kaa," mama alijibu bila kuinua kichwa, "wanawe huwabeba tumboni. Wewe ngedere unauma hindi moja, unatupa, unarukia jingine. Mkeo anakuvumiliaje?"

Mimi nilikuwa upande wa kaa, lakini wanyama wenyewe niliwatazama wote wawili. Kaa, mdogo kama kifungo cha koti, alitoboa tuta kimyakimya na maji yetu yakavuja. Ngedere, uso mweusi kama tako la sufuria, aliweka mlinzi mtini, kisha akaiba kwa makelele. Wezi wote, na wote niliwapenda.

Kisha akaja katibu mpya, kijana wa mbali. Alisikia matusi tu. Mkutanoni akasema wajamaa hawaitani wanyama. Kuanzia kesho waitane ndugu. Wazee walimweleza kwamba hawa ni watani. Akadhani wanawafichia ugomvi.

Kesho yake shamba likapoa.

"Habari za asubuhi, ndugu."

"Nzuri, ndugu."

Basi. Mama alirudi nyumbani amechoka kuliko siku zote za palizi. Jioni mtani hakupita kuomba moto wa sigara, na mama aliacha kuimba. Niliogopa kwamba urafiki wao unakufa hivyo, kwa adabu.

Siku moja katibu alikuja kukagua mpunga. Mama akainua kichwa, akaona mahindi yanatikisika nyuma ya mtani wake, mikia ya kijivu ikipita katikati ya mabua. Alimtazama katibu. Akavuta pumzi.

"Ndugu!" alipaza sauti. "Wajomba zako wamefika! Huwakaribishi?"

Mtani aligeuka, akaona, akaokota kibonge cha udongo.

"Ahsante, ndugu!" alijibu huku akikimbia. "Nawe rudi shimoni, mgeni asije akakukanyaga gamba!"

Majaruba yote yakacheka. Mama alicheka mpaka akakaa majini. Katibu aliinama kufunga kamba za kiatu, akakawia huko chini, mabega yakimtikisika.