Fundo la Mkanda wa Tonton

Tonton alikuwa amekaa sakafuni mwa bwawa la hoteli, mikono ameikunja kifuani, anapumua vizuri kwa mtungi wa hewa, na hakuna aliyeweza kumpandisha. Mwalimu alimvuta bega. Mimi nilimvuta mguu. Wateja waliacha bia zao wakaja kutazama. Tonton alitupungia mkono kwa heshima, kama chifu anayepokea wageni.

Hakuwa anakufa maji. Kwa maoni yake, alikuwa anafaulu mtihani kuliko sisi wote.

Huyu ndugu mdogo wa mama yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kunyonya mchanga wa almasi mtoni, mpira wa hewa mdomoni, uzito wa risasi kiunoni. Kazi ile ina kanuni moja tu: kaa chini, mto usikubebe. Kwa hiyo wazamiaji wake huyeyusha betri mbovu za magari, hupata risasi, huishona kwenye mkanda, na mkanda huufunga fundo lisilofunguka bila meno. Na meno, chini ya maji, yana kazi nyingine: kushika mpira wa hewa.

Kilichomrudisha majini ni injini ya mtumbwi wake, ule unaopeleka abiria na magunia Yangambi. Bolti zililegea, injini ikachomoka na kuzama karibu na ukingo wetu, penye maji tulivu na tope laini. Tangu siku hiyo mtumbwi ukawa kitanda cha mbuzi wa jirani, na nyumbani kwake wakawa wanakula kwa ukarimu wa ndugu, chakula chenye maneno mengi.

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, muuza magodoro kwa jumla, alikuwa na mitungi ya hewa aliyoileta ndani ya kontena la bidhaa, pamoja na kadi yenye picha yake inayothibitisha kwamba aliwahi kuzamia baharini likizoni. Hapa Kisangani hiyo ilitosha kumfanya profesa. Alikubali kuazimisha vifaa na kuwa mwalimu wetu, kwa sharti moja: Tonton ajifunze kuning'inia majini, asipande wala asishuke, tena asiende peke yake. Mwenzake nikawa mimi, kwa kuwa ndimi niliyeuliza maswali mengi.

Siku ile bwawani, tulipompandisha hatimaye kwa kamba, mwalimu alinyooshea kidole kile kiuno.

"Tonton, risasi hii yote ni ya nini?"

"Ya mukondo, prof."

"Mukondo wa piscine?"

"Leo hauko."

"Bon. Kule mutoni, ukikanyaga tope, maji inakuwa kahawa. Mota utaiona na nini?"

"Na mikono. Tangu lini mutu anaona kitu mule?"

"Na ukinaswa? Fundo utafungua na nini?"

Mke wa Tonton, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa bwawa na sufuria ya chakula, alijibu badala yake: "Bwana yangu anasoma kuelea! Kongo ya sika inaelea mupaka Kinshasa, iko na diplome gani?" Kongo ya sika ni yale magugu yanayoteremka na mto wetu, na kweli, sijawahi kuona moja limesoma.

Tonton akapewa mkanda wa kifungo, na risasi chache. Kitufe cha kujaza hewa kwenye koti la kuelea alikibonyeza kama honi ya pikipiki sokoni; akaruka juu kama dumu tupu. Akaitoa hewa yote, akaanguka. Siri iko mapafuni: vuta pumzi, subiri, mwili upande kidogo, toa, subiri, ushuke. Kusubiri ndiko kulikomshinda. Mtu wa Kisangani anasubiri umeme wa maporomoko ya Tshopo kwa uvumilivu wa mtakatifu, lakini pafu lake mwenyewe, hapana.

Mimi nilikagua kila kitu kabla ya kila mzamo: mtungi umefunguliwa, sindano ya geji haichezi mtu akivuta pumzi, mipira haining'inii kama matumbo ya mbuzi, kifungo kinafunguka kwa mkono mmoja. Tonton akanibatiza Douane, kama wale wakaguzi wa ushuru mpakani.

Siku ya mto, chini ya koti lake, nilikuta fundo juu ya kifungo.

"Tonton!"

"Kidogo tu. Ya kusaidia."

Nililifungua.

"Douane, hauna huruma."

Tukashuka. Kwa muda alining'inia vizuri ajabu, kamba ya kufungia injini mkononi. Kisha akagusa chuma, furaha ikamshinda, akasimika miguu yote miwili topeni. Kahawa. Nilihisi kamba inafungwa, kisha mtu anahangaika na mguu uliokwama, kisha mkanda wa risasi ukapita mbele ya miwani yangu ukielekea chini. Tonton alipanda akipiga kelele njia nzima. Mwalimu alisifu: ndivyo hewa inavyotolewa wakati wa kupanda! Alisifu mpaka alipouliza mkanda wake uko wapi.

Wanaume walivuta kamba kutoka ukingoni. Haikusogea.

Tonton anaapa alishika panga zinazozunguka za injini. Mimi nilikigusa kile kitu kabla tope halijapanda: kilikuwa chuma, lakini kirefu, na mkono wangu haukuufikia mwisho wake. Wazee wa ukingo huu wanasema meli ya mizigo ilizama hapo kabla sijazaliwa. Mwalimu haazimishi tena chochote mpaka mkanda urudi. Mto unapanda, na kamba bado imefungwa kwenye mchikichi wa ukingoni, imekaza.