Sauti ya Kabula

Harufu ya dagaa wanaokaukia mchangani haipigi hodi. Shuleni kwetu, kando ya ziwa nje kidogo ya Mwanza, iliingia madirishani kabla ya mwalimu na kukaa nasi hadi kengele ya mwisho. Ilipokuwa kali nilijua, hata bila kugeuka, kwamba upande wa pili wa dawati langu hakuna mtu. Rafiki yangu Kabula alikuwa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa, akianika na kugeuza dagaa wa mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlea. Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauonekani. Kwa hiyo Kabula alisoma kwa kufuata mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ilipumzika naye akaja shule. Giza likirudi, akapotea.

Mwalimu wetu wa darasa la sita aliita majina bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Sheria yake ilikuwa moja: mtoto akikosekana siku tatu mfululizo, mwalimu mwenyewe anapanda baiskeli kwenda kwao mtoto. Kabula aliiogopa baiskeli ile kuliko fimbo, maana mjomba akiaibishwa mbele ya majirani, hasira zote zilimwishia yeye. Basi akaniomba. "Wewe nijibie tu," alisema. "Giza likiisha nakuja." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na kwake mwalimu alikuwa "mwarimu" siku zote. Nilijizoeza hadi nikaiweza. Likitajwa jina lake, niliinama nikasema, "Nipo, mwarimu!" Darasa zima lilibana vicheko. Nilijiona mjanja, tena rafiki wa kweli. Ningejua, ningeuma ulimi.

Mwezi ukapevuka. Mitumbwi ikapandishwa mchangani, harufu ikafifia darasani, na Kabula hakuja. Siku ya kwanza nilijiambia anaumwa. Zilizofuata niliendelea kujibu, sasa kwa woga, kwa sababu kunyamaza kungenifichua. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Yangu ilinichukua hadi mwezi ukaanza kumegeka tena. Mwishowe, baada ya masomo, nikaenda mwaloni. Mke wa mjomba alikuwa amekaa akifuta karabai, taa za kuvulia dagaa.

"Shikamoo mama. Namuulizia Kabula."

"Marahaba. Kabula yuko Sengerema, kwa shangazi yake," alijibu bila kunitazama. "Wewe soma tu, mwanangu." Kitambaa alichofutia kilikuwa cha buluu, chenye marinda. Ilikuwa sketi ya shule ya Kabula, imechanwa vipande.

Kesho yake nilimweleza mwalimu yote. Hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi. Siku hiyo hiyo mjomba akaitwa shuleni mbele ya mtendaji wa kijiji. Alikuja ametulia, akaomba daftari lifunguliwe. "Mnasema simsomeshi? Kitabu chenu si hiki? Kila siku yupo. Juzi tu ndiyo amekwenda kusalimia." Vema nyekundu zilijipanga mbele ya jina la Kabula, hakuna pengo. Nikasema ni mimi niliyekuwa nikijibu. Mtendaji akanigeukia: "Kwa hiyo wewe ni mwongo?" Nikaitikia ndiyo, na ushahidi wangu ukafa hapo hapo. Habari za kweli zilipovuka na kivuko kutoka Sengerema, Kabula alikuwa ameshaozwa. Sikumwona tena, na mpaka leo naona uchungu.

Siku hizi mwalimu ni mimi, upande wa Magu, ufukweni vilevile. Karabai zimekwisha, wavuvi wanatumia taa za sola, na shule yetu ina madawati mapya. Lakini giza ni lile lile, na madawati hayo hubaki wazi kwa kufuata mwezi ule ule. Naita majina nikitazama nyuso. Walimu wenzangu hunitania kwamba nakagua watoto kama mfugaji anayeingiza ng'ombe zizini, nami hucheka nao. Wiki hii, hata hivyo, mafua yalinibana, nikaita nimeinamia daftari.

"Minza!"

"Nipo, mwalimu," ikajibu sauti, na nyuma yake kicheko kilichobanwa. Kicheko kile nakijua. Nikainua macho: upande mmoja wa dawati hapakuwa na mtu, na msichana wa upande wa pili alianza kulia kabla sijamfikia. Nilichuchumaa mbele yake, nikamuuliza swali moja tu, ambalo mimi hakuna aliyeniuliza mapema.

"Tangu lini?"