Mama Alitaka Kuwaona

Mama yangu ni fundi cherehani. Pia alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa chama katika tawi letu, na cheo hicho alikipenda kuliko cherehani. Zamani walichagua kwa mlolongo: unasimama nyuma ya unayemtaka, mnahesabiwa. Baadaye kanuni zikageuzwa, ikawa kura ya siri. Kwa siri hiyohiyo Mama alimshinda Mama Vyumba, mwenye nyumba za kupangisha mtaani.

Alishinda lakini hakutulia. Kura za mwenzake zilimkaa rohoni. Mteja akija kupimwa gauni anazungushiwa futi vizuri tu. Akishatoka, Mama ananigeukia, "Huyu anavyonichekea! Kura yake ilikwenda kule, nakwambia." Akimwona mama mdogo anapiga soga na Mama Vyumba bombani, siku hiyo sindano zinavunjika.

"Si mpangaji wake?" nikamwambia. "Asimsalimie?"

"Kusalimia ndiko kucheka mpaka jino la mwisho?"

Mwaka huu makao makuu yakageuza tena: kila tawi lijiamulie, siri au mlolongo. Katibu alipouliza, Mama ndiye aliyewahi kunyoosha mkono. "Mlolongo! Anayenipenda nimwone kwa macho."

Mama Vyumba naye akanyoosha, tena anatabasamu.

Siku ya uchaguzi wakasimama mbele wawili, wanatazamana na watu. Mimi nilikuwa nje, kwenye dirisha la ukumbi. Mama alimkodolea macho kila mtu. Mama Vyumba alitazama wapangaji wake tu, mmoja mmoja, kama anayesubiri arudishiwe funguo. Wakainuka, wakaenda kwake. Mama mdogo alibaki katikati ya ukumbi, akiminya mkoba wake.

"Dada, sogea upande mmoja," katibu akasema.

Akaenda kwa Mama Vyumba, macho chini. Mstari wa Mama ulikuwa mfupi hata katibu hakuhitaji kuhesabu.

Jioni mama mdogo akaja nyumbani. Hakukaa.

"Dada, nina watoto na chumba kimoja. Mbele ya macho yake ningefanyaje?"

"Na ile ya siri?"

"Ile nilikupa wewe. Wengi tulikupa wewe."

Mama akaacha kushona, akamtazama usoni, akitafuta.

"Wengi nani?" akauliza. "Nitajie."