Spika za Mama Elias

Ukifika Butimba ukauliza nyumba ya Rebeka, watakuuliza Rebeka yupi. Ukiuliza nyumba ya Mama Elias mwenye muziki, hata mtoto aliyetumwa chumvi atakufikisha mlangoni. Muziki wenyewe ni spika mbili, amplifaya moja, maikrofoni mbili na jenereta dogo linalokohoa kabla ya kuwaka. Kwa vitu hivyo Rebeka amesindikiza marehemu, ameozesha mabinti wa watu na ametangaza mikutano ya wakulima wa pamba kwa miaka kumi na minne.

Spika zake ni za boksi la mbao, koni moja kubwa chini, honi ndogo juu. Alizinunua Sengerema kwa kwaya iliyokuwa inabadilisha vyombo. Alivuka nazo kwenye kivuko amekalia moja, ameegemea nyingine, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuthubutu kuuliza zina umri gani.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mzee Shimba alifika kwake asubuhi, kofia mkononi. Shimba ni manju wa ngoma kule Kisesa: ndiye anayetunga nyimbo za kundi lake na kuziongoza uwanjani. Kila baada ya mavuno kundi hilo hukutana na mahasimu wake, na mashindano hayo hayana jaji mwenye kalamu. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji huenda wanakovutwa, na anayebaki na watu wengi jua likishuka ndiye mshindi. Miguu ya watu ndiyo kura.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia kabla sijakuacha."

Rebeka alimvutia kiti. "Basi niache ukiwa umekaa."

Shimba alikaa. "Mwaka jana nilitunga wimbo miezi mitatu. Nikamwimbia yule bwana wa upande wa pili kwamba ng'ombe aliotoa mahari walirudi wenyewe nyumbani kwa kumwonea aibu. Unajua watu walisikia nini kwenye spika zako?"

"Nini?"

"Vuu, vuu, vuu. Kama mtu anapoza uji. Watu wakavuka kwenda kwake, na yeye wimbo wake hauna hata chumvi." Akaigeuza kofia mkononi. "Tuna wiki nne. Maneno yangu yakifika, tuko pamoja. Yasipofika, kuna kijana Igoma ana spika mpya."

Rebeka hakubisha. Kiangazi ndicho kinachomlisha, na vikundi vingine vya ngoma humwangalia Shimba: anayemkodi yeye ndiye wanayemkodi wao. Akiondoka Shimba, wataondoka wote. Alimwambia mzee arudi kwake kwa amani, maneno yatafika. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayejua namna, ingawa namna yenyewe alikuwa bado hajaiona.

Fedha alikuwa nayo, ile ya kuezekea chumba cha pili cha kupangisha. Akaenda mjini nayo, kwenye duka la Zain, kijana aliyerithi biashara ya vifaa vya redio kwa babu yake. Zain alimwonyesha spika nyeusi za plastiki, ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Alipoziwasha, mapaja ya suruali yake yalitikisika kwa besi, na taa zikazunguka ndani ya spika, nyekundu, kijani, zambarau.

"Mama, hizi ukiziweka uwanjani, mtu akiwa Bujora anazisikia."

"Anasikia nini?"

"Besi."

"Na maneno?"

Zain alipunguza sauti kidogo. "Maneno yapo pia. Halafu angalia taa."

"Taa zinaimba?"

Zain akacheka, na kwa kuwa alilelewa dukani na mtu mwaminifu, akazima spika. "Mama, kama kazi yako ni sauti ya mtu, nenda kwa fundi kwanza. Akikwambia zako zimekufa, urudi."

Fundi wake ni Venant, kijana wa Bukoba mwenye kibanda karibu na soko, anayezungumza na mashine zaidi kuliko anavyozungumza na wateja. Alifungua boksi moja, akachungulia kwa tochi, akaguna.

"Shikamoo mama. Mgonjwa wako ni mzee sana."

"Marahaba. Mimi pia ni mzee, na nimekuja kwa miguu yangu."

Venant alimwonyesha. Ukingo wa koni kubwa ulikuwa umekauka na kupasuka. Honi ndogo, ile inayobeba sauti nyembamba, ilikuwa imeungua siku nyingi. Maungio ya mbao yalipitisha hewa. Na ndani hakukuwa na kile kifaa kidogo cha kugawa sauti, nzito iende chini na nyembamba iende juu. Kila kitu kilitupwa kwa koni kubwa peke yake.

"Vifaa vizuri vya spika zote mbili vitakaribia bei ya zile za taa," alisema. "Na boksi litabaki hili hili la mbao. Ni kama kumvalisha suti mtu asiye na viatu. Mimi kazi naitaka, lakini nakwambia ukweli."

"Mbao yake ikoje?"

Venant aliigonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. "Mninga. Siku hizi hawatengenezi hivi."

Rebeka naye akaigonga. Kisha akamwambia atengeneze moja tu, ya pili asiiguse, na Jumamosi waende wote Kisesa. Spika zishindane zenyewe kama ngoma zinavyoshindana, watu waamue kwa miguu.

Jumamosi walizipakia kwenye guta la magurudumu matatu. Kundi la Shimba lilikuwa linafanya mazoezi nyuma ya ghala la pamba, na majirani walikuwa wameshajaa, maana kusikiliza mazoezi ni bure. Rebeka aliziweka spika katikati zikipeana mgongo, moja ikitazama ziwa, moja ikitazama barabara. Hakumwambia mtu ipi imetengenezwa. Akampa Shimba maikrofoni, akawaambia watu wafuate sauti inayowapendeza.

Shimba akasimama upande wa barabara, akaimba. Watu wote wakaenda upande wa barabara, wamama na watoto na mbwa mmoja. Upande wa ziwa alibaki Venant.

Alimtazama Rebeka kwa huzuni. Spika aliyoihangaikia siku nne ndiyo iliyokuwa inatazama ziwa.

"Mama, nimeshindwa na maiti."

Rebeka mwenyewe alisimama dakika nzima akiamini alichokiona. Karibu aende kukunja waya. Kisha Shimba, kwa mazoea yake, akatembea kuzunguka upande wa ziwa huku akiimba, na watu wote wakamfuata kama ndama. Rebeka akajishika kiuno. Mtoto wa Kisukuma hufundishwa tangu mgongoni mwa mama yake: manju anakokwenda, unakwenda. Yeye alikuwa amekuja kupima spika, watu wakampima mzee.

"Mzee, samahani," alisema. "Ingia ghalani."

"Niimbe nikiwa na magunia?"

"Uimbe usionekane."

Waya ulitosha. Shimba akaingia ghalani akinung'unika, mlango ukafungwa, akaanza upya. Sasa watu walikosa wa kumfuata. Walisimama, wakageuza vichwa, wengine wakaenda huku, wengine kule, nusu kwa nusu. Rebeka hakuwahesabu. Alikwenda mbali, hatua kama mia, umbali wanaposimama wachunga ng'ombe wakiegemea fimbo zao siku ya mashindano, akasikiliza upande mmoja, akazunguka akasikiliza wa pili.

Ilikuwa ubeti wa nne alipoona. Shimba alifika kwenye mzaha, kwamba hasimu wake hununua dawa ya kuvuta watazamaji kwa mkopo na mganga amekuja kudai mbele ya wakwe. Upande wa ziwa watu walicheka pale pale, neno na kicheko vikagusana. Upande wa barabara walicheka pia, lakini walichelewa. Walicheka kwa kuwasikia wenzao. Ng'washi, mama anayeuza karanga, alikuwa upande huo wa barabara, na Rebeka, aliyekuwa ameshasogea karibu, alimwona akimvuta jirani yake khanga.

"Amesemaje?"

"Sijui. Cheka tu."

Ng'washi si mtu wa kucheka asichokijua. Alibeba beseni lake la karanga akahamia upande wa ziwa, na wateja wake wakamfuata, na wengine wakafuata wateja. Ubeti wa sita ulipoisha, upande wa barabara walikuwa wamebaki wachezaji vijana peke yao, wakiruka na kukanyaga kwa raha zao. Hawakuwa na haja na maneno, kwa kuwa waliyajua. Walitaka mshindo, na ile koni kuukuu, pamoja na kukohoa kwake, mshindo ilikuwa nao.

Venant alikuja mbio, meno yote nje. "Basi mama, kesho naanza ya pili."

"Hapana."

"Hapana?"

"Uzibe ukingo wa koni kwa gundi na kitambaa, basi. Hiyo itawatazama wachezaji, wapate pigo. Hii uliyoitengeneza itapanda juu ya nguzo, iwatazame watu. Fedha ya boksi moja imefanya kazi ya mawili."

"Mama, unaninyima ugali."

"Ugali wa boksi moja unakutosha. Huna hata mke."

Mlango wa ghala ulifunguliwa, Shimba akatoka na pamba kwenye ndevu. Hakuuliza ipi imeshinda. Aliwatazama watu walivyojikusanya upande wa ziwa.

"Mwezi wa sita, basi," alisema. "Uje na nguzo ndefu."

Siku ya mashindano Rebeka hakuuona uchezaji. Alikuwa amekaa kwenye jenereta, mkono mmoja kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya, shingo imegeukia umati. Saa kumi za jioni kijana wa Igoma, aliyekodiwa na upande wa pili, alifungulia spika zake zenye taa mpaka mwisho, ardhi ikanguruma. Vijana wa kundi la Shimba wakamkimbilia Rebeka.

"Mama Elias, ongeza. Wanatufunika."

"Tulieni."

"Wanatufunika, mama."

"Nikiongeza hapa, honi inapasua maneno. Mzee hakunilipa nitoe kelele." Na badala ya kuongeza, akapunguza kidogo, mpaka sauti ya Shimba ikawa kama ya mtu anayezungumza na wewe kibarazani kwake.

Upande wa pili watu walikuwa wengi, lakini walikuwa wanatazama taa. Mmoja akageuka. Kisha wanawake wawili wenye watoto mgongoni, kisha mzee wa baiskeli akiisukuma. Walivuka uwanja bila haraka, wakiwa wameinamisha vichwa upande mmoja, kama watu wanaoitwa kwa majina yao.