Meneja na Trekta za Musanda

Zipporah alijifunga leso kiunoni, akamvisha mbwa kamba ya mkonge shingoni, na kabla hajatoka langoni akatega sikio kama kuna trekta. Alikuwa anakwenda Shianda kumsaidia binti yake Selpher, aliyejifungua. Mtu mwenye akili zake angemwacha mbwa nyumbani. Lakini Musanda nzima, alikoishi, ilikuwa inavuna miwa, trekta zinapita kutwa, na dereva mmoja alikuwa ameapa kwamba mbwa huyo akimtokea tena atamkanyaga.

Na angemtokea tu. Mbwa aliitwa Meneja, jina alilopewa na marehemu Osundwa, mume wa Zipporah, kwa kuwa tangu utotoni alizunguka shambani akikagua kazi za wenzake huku yeye mwenyewe hana kazi. Alikuwa mpole, hata kuku walimpanda mgongoni. Kisha Osundwa akaanguka wakati wa kupakia miwa, akalazwa juu ya trela, trekta ikaondoka naye kwenda hospitali. Meneja aliifukuza mpaka akaishiwa nguvu. Osundwa alirudi ndani ya jeneza, lakini hilo nani angemweleza mbwa? Tangu hapo akisikia trekta huruka barabarani, akaibwekea na kuuma magurudumu.

Kwa hiyo Zipporah alishika vijia vya katikati ya miwa, majani yakimkata mikono. Kila ngurumo ilipotokea mbali, alichuchumaa akamkumbatia mbwa kifuani.

"Tulia, baba," alimnong'oneza. "Unataka nizike nani tena?"

Karibu na Shianda kijia kiliisha, ikabidi watokee kwenye barabara kubwa. Hawakufika mbali. Trekta ilichomoza kwenye kona, trela tupu ikirukaruka nyuma yake. Kamba ilimchuna Zipporah viganja, ikamponyoka. Breki zililia. Meneja alikuwa chini ya trela, katikati ya magurudumu, anabweka kama aliyepandwa na wazimu.

Dereva aliruka chini na chuma mkononi. Zipporah alifungua kinywa apige kelele, ndipo akamtambua: Patroba, mume wa Selpher! Miguu ilimrudisha ndani ya miwa kabla hajawaza. Kwao mama mkwe akimwona mkwewe njiani hujificha, wala hamsemeshi. Heshima hiyo hakuwahi kuivunja maishani, na sasa ingemuulia mbwa.

"Meneja!" aliita kutoka mafichoni. "Mwambie huyo mtu asikupige! Mwambie wewe ni wa Osundwa!"

Patroba aliitambua sauti ile. Kisha akaigeuzia miwa mgongo, kama inavyompasa mkwe, akatupa chuma na kuzima injini. Akachutama kando ya gurudumu.

"Meneja," alisema kwa sauti ya kusikika, "mwambie mama siwezi kukupiga. Ni mimi nilibeba mzee siku ile."

Zipporah alijua. Alijua pia kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na Osundwa njiani, na hakuwahi kuuliza lolote. Angemuuliza kupitia kwa nani? Selpher alikuwa na mimba, na maneno ya kifo cha babake hayakuwa ya kumtuma.

Patroba alifungua mlango wa nyuma wa trela. "Panda ujionee mwenyewe."

Meneja alitambaa akatoka, akaruka juu. Alinusa kona zote, akarudia, akakwaruza mbao. Hakukuwa na mtu. Akasimama tu pale, mkia chini.

"Sasa mwambie mama," Patroba aliendelea, "mzee hakulia njiani. Aliuliza kitu moja tu. Aliuliza nani atakupea chakula, maana mama anajifanyanga hakupendi."

Zipporah alijaza pindo la leso mdomoni ili asisikike akilia. Ni kweli, miaka yote alimwita mbwa huyo mzigo, na Osundwa hakumjibu hata mara moja.

Meneja aliruka chini, akaingia kwenye miwa bila kuitwa, akalala miguuni pake. Patroba alipowasha injini, Zipporah alimkaza mbwa kwa mikono yote miwili, viganja vinamwasha. Meneja alisimamisha masikio, mwili mzima unatetemeka. Akaisikiliza trekta mpaka ngurumo ikapotea upande wa Musanda, na hakuinuka.