Mgongo Ambao Mjomba Hakuupima

Muuza mashanta huyu walimwita Bwana Futi, kwa kuwa hakumwuzia mtu shanta la kupandia mlima pasipo kumpima mgongo, tangu kifundo kilichochomoza chini ya shingo hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Kisha alilijaza vifuko vya mchanga, akamfunga mnunuzi mkanda wa kiunoni, akamwamuru apande ngazi za ghala mara mbili. Walionung'unika aliwajibu kwamba mzigo hubebwa na nyonga. Kazi ya mabega ni kuuzuia usiyumbe.

Aliyekosa kupimwa ni mmoja tu: mpwa wake, binti mrefu kama mlingoti, aliyekuwa akienda kufanya mtihani wa kuongoza wapanda mlima. Siku ile duka lilijaa wateja, na Bwana Futi akataka kuwaonyesha ukali wa jicho lake. Akachomoa shanta refu kuliko yote, akasema damu yake haihitaji futi.

Siku ya pili ya safari binti aliteremshwa, mikono imekufa ganzi, na mtihani ukampita. Alipolirudisha shanta, aliinama kufunga kamba za viatu, na hapo mjomba akaona alichopaswa kukiona mwanzo: urefu wake wote u miguuni, mgongo ni mfupi. Mkanda ulikuwa ukishuka chini ya nyonga, mzigo wote ukaning'inia mabegani.

Hakumwambia binti. Kwa Mola aliomba toba kila baada ya sala, ilhali alijua vyema kwamba haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe aambiwe. Siku ya nane tangu alipolirudisha shanta, binti akaja kuomba kazi ya dukani. Mlima, alisema, hautaki mabega kama yake.

Mjomba akachukua futi. "Geuka, mwanangu."

Inchi kumi na sita. Shanta lile lilikuwa la ishirini na moja.

"Mabega yako hayana kasoro. Kosa ni langu, na nimelijua tangu ulipolirudisha. Nitamwandikia msimamizi wa mtihani, niseme hivyo hivyo."

"Wiki nzima najikanda maji ya moto, mjomba, nawe unajua?"

"Najua."

Wateja wawili wakajifanya kutazama viatu.

"Na eti Bwana Futi," binti akasema, wala hakucheka. "Haya, nitilie mchanga."

Akavaa shanta la inchi kumi na sita, akapanda ngazi mara mbili, kisha ya tatu bila kuamriwa. Aliposhuka hakusema amesamehe. Alisema mkanda umelegea kushoto. Na mzee akapiga magoti, akaukaza.